Tulipotumwa Kuipeleleza Njia ya Mkunazini

Kwa wale wasiopafahamu, Runzewe ni mji mdogo wa barabarani katika wilaya ya Bukombe, pale ambapo barabara ya Bwanga huachana na barabara kuu itokayo Kahama, na ambapo malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Zamani tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 tumo katika mkoa wa Geita. Watu huja kwetu kutafuta dhahabu, mpunga, tumbaku na asali. Hatujapata kumwona mtu aliyekuja kutembea tu. Na sisi wenyewe, mama wa Runzewe akionekana stendi na begi, watu huuliza kwanza nani kafiwa, au nani kalazwa Bugando.

Ndiyo maana mwaka 2023, pale mwenzetu mmoja aliposimama katika kikao cha akina mama wa kanisa letu akapendekeza twende Unguja kuliona Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini, wengi walicheka. Kanisa lile lilijengwa juu ya kiwanja cha soko la watumwa, na watoto wetu husoma habari zake shuleni. Wao wanajua, mama zao hawajui. Hilo ndilo lililokuwa hoja yake, wala hakuongeza lingine.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Baba mmoja aliuliza kama Runzewe mawe yamekwisha hata tukatazame mawe ya Unguja. Mwingine, ambaye ni mtu wa busara, alisema fedha hiyo ingenunua vyerehani vinne, na vyerehani vinne vingelisha familia nne. Hatukuwa na jibu zuri, na hadi leo tunakiri kwamba hoja ya vyerehani ni hoja nzito. Tena tulikuwa na jeraha la zamani. Mwaka 2018 tulimkabidhi mtu fulani nauli yetu yote ili atuandalie safari ya mkutano wa injili, naye akatuacha stendi alfajiri na mabegi yetu na vyungu vya kupikia. Tangu siku ile, neno "safari" likitajwa kikaoni mweka hazina wetu hushika mkoba wake.

Aliyetuamulia ni Bibi mmoja, mzee kuliko sisi sote katika umoja wetu. Hatutaji jina lake, nasi tumepata ruhusa yake kuandika haya. Alisema kwamba bibi yake mzaa mama hakuwa na kabila. Alinunuliwa angali mtoto mdogo, akapitia mikono ya watu asiowakumbuka, na mwishowe akakombolewa na mapadre wa Ushirombo akalelewa misheni. Hakujua alikotoka, hakujua jina la mama yake. Alikuwa akikumbuka jambo moja tu, kwamba wakubwa waliokuwa wakiwaongoza walisema wanakwenda pwani. Katika ukoo wao ilikuwa marufuku kulisema jambo hilo mbele ya watu, kwa sababu ukigombana na jirani, neno la kwanza atakalokutupia ni "mjukuu wa mtumwa". Bibi alikuwa amenyamaza miaka yote hiyo. Kisha akasema, "Mimi nataka kuona mahali alipokuwa anapelekwa."

Hakuna aliyecheka tena. Tukaanza kuweka shilingi 5,000 kila wiki.

Baada ya mwaka mmoja na nusu, umoja uliamua kuwatuma wawili wetu mbele, kama Musa alivyowatuma wapelelezi, ili warudi na habari kamili: njia, gharama, mahali pa kulala, na zaidi ya yote, kama Bibi mwenye magoti mabovu ataweza kushuka katika vile vyumba vya chini ambavyo kila mtu huvisimulia. Mmoja wetu ni muuguzi, mwingine ndiye huyo mweka hazina mwenye mkoba. Tulisafiri Januari 2025. Haya ndiyo tuliyoyaleta.

Njia yenyewe

Kutoka Runzewe hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Basi hupita Ushirombo, Kahama, Nzega, Igunga, hupanda mlima Sekenke, likaingia Singida, Manyoni, na Dodoma. Ukiunganisha moja kwa moja hadi Dar es Salaam utafika, lakini utafika umevimba miguu. Ushauri wetu ni kulala Dodoma. Asubuhi yake mnapanda treni ya umeme, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam tangu mwaka 2024, na kabla hamjamaliza kusimuliana mmeshafika. Tiketi mkate wenyewe, kwa majina yenu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, na risiti zikae kwa mtu mmoja. Hayo tumeyasema kwa sababu mnazozijua.

Kutoka stesheni ya Dar es Salaam hadi bandari ya boti si mbali. Boti ya kasi huchukua kama saa mbili hadi Unguja. Hapa tena kitambulisho ni lazima, hata kama ni nchi moja. Kuhusu bahari, sisi watu wa bara tusijidanganye kwamba tumezoea kwa sababu tumevuka Busisi kwa kivuko. Januari kaskazi inavuma na bahari ilikuwa tulivu, hata hivyo mweka hazina alikaa ameinamisha kichwa hadi tulipoona minara. Kati ya mwezi wa sita na wa nane kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa zaidi. Kwa kuwa kwetu mavuno hukwisha kabla ya hapo na mvua za kupandia huanza mwezi wa kumi, umoja umechagua mwezi wa tisa. Kaeni nyuma na chini, msikae mbele. Msipande na njaa, wala msipande mmeshiba wali wa nazi. Mwenye kusumbuliwa na kichefuchefu amwone mfamasia mapema, dawa imezwe kabla ya kuondoka, kwani ukianza kutapika ndipo uimeze, umechelewa.

Angalieni pia kalenda ya ndugu zetu Waislamu. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna anayekula hadharani, na mgeni mwenye adabu hafanyi hivyo. Mavazi hayana shida: kitenge chako cha ibada na khanga ya kujitanda vinatosha kabisa. Tuliwaona watalii wakitembea mapaja wazi katikati ya misikiti, tukaona haya kwa niaba yao.

Mambo ya afya, kwa kifupi

Mwenye shinikizo la damu au kisukari aweke dawa zake kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Tumeshuhudia begi likishushwa Singida kwa makosa na mwenyewe akaendelea na safari. Katika basi, simameni kila linaposimama, mnyooshe miguu; kukaa saa kumi bila kujongea huweza kugandisha damu miguuni, hasa kwa mama mnene, mjamzito, au aliyejifungua karibuni. Na msiache kunywa maji kwa kuogopa kukosa choo. Tunawajua, ndivyo mnavyofanya.

Lakini lipo moja ambalo wengi hawalifikirii. Sisi tumezoea kuogopa kwamba tukisafiri tutaletewa ugonjwa. Safari hii ni kinyume. Unguja na Pemba wamepigana na malaria hata katika vipimo vya jamii wanaokutwa na vimelea wamekuwa chini ya mtu 1 kwa kila 100 kwa miaka mingi, na wagonjwa wengi wanaopatikana huko ni watu waliotoka safari za bara. Mkoa wetu wa Geita uko miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Basi sisi ndio tunaobeba. Tumekubaliana kwamba siku chache kabla ya kuondoka, kila mmoja, hata asiye na homa, apimwe kwa kile kipimo cha haraka, na atakayekutwa nayo ameze dozi yote kabla ya kupanda basi. Si vema kwenda kuzuru watu na kuwaachia mbu wao kazi.

Barabara ya zamani

Tulipokuwa kwenye basi, tukiipita Manyoni, mmoja wetu alisema jambo ambalo tumelifikiria sana. Kuanzia maeneo yale kwenda pwani, njia yetu inakaribiana na ile iliyopitwa na misafara ya karne ya 19, kutoka Unyanyembe, yaani Tabora, kupitia Ugogo na Mpwapwa hadi Bagamoyo. Msafara ulitembea miezi miwili hadi mitatu. Sisi tulikuwa tunalalamika kwa ajili ya saa kumi.

Ni lazima tuseme kweli hapa, maana shuleni tulifundishwa nusu. Wengi wa waliobeba pembe za ndovu hawakuwa watumwa. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa huru, waliolipwa ujira, na kijana aliyefika pwani akarudi alihesabiwa kuwa mwanamume. Wake zao nao walitembea, wakibeba vyungu na watoto. Na watumwa waliokuwamo katika misafara ile hawakukamatwa na wageni peke yao. Wapo watemi na wafanyabiashara wa kwetu waliowauza. Msiri, ambaye Wakongo wanamkumbuka kama mfalme wa Garanganze huko Katanga, alitoka hapa kwetu Usumbwa, mwana wa kiongozi wa misafara. Alitawala hadi alipouawa Desemba 1891, akifanya biashara ya shaba, pembe na watu. Mwaka huohuo wa 1891 ndipo mapadre Wazungu walipofungua misheni ya Ushirombo, ambako bibi yake Bibi alikuja kulelewa. Kwa hiyo tukienda Mkunazini hatuendi kutazama dhambi ya watu wengine. Tulipolisema hilo kikaoni, mzee mmoja wa kanisa hakupendezwa, lakini hakupinga.

Mkunazini

Mji Mkongwe ni mdogo. Unaweza kuuzunguka wote kwa miguu kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, isipokuwa utapotea, na kupotea ni sehemu ya kuutembelea. Vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wenye vikapu hupishana kwa kugeuka upande. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, milango imechongwa maua, na nje ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe ambapo wazee huketi na kukuelekeza njia bila kuombwa. UNESCO iliuweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Beit al Ajaib, jumba maarufu la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020, na hiyo inaonyesha jinsi mawe yale yanavyohitaji kutunzwa. Wakatoliki wanalo Kanisa Kuu lao la Mtakatifu Yosefu, liitwalo Minara Miwili, lililojengwa katika miaka ya 1890. Ni zuri, liingieni. Lakini sisi tulitumwa Mkunazini, hatua chache kutoka soko la Darajani.

Unapoingia katika kiwanja, kelele za soko zinakatika. Kanisa lina mnara mmoja, na madirisha yake marefu yanaleta nwanga mdogo, kwa hiyo ndani ni baridi na giza kidogo. Mkataba wa kufunga masoko ya watumwa Sultani Barghash aliutia sahihi Juni 1873, kwa kulazimishwa na Waingereza. Miezi sita tu baadaye, siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale sokoni. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere wa misheni ya Waanglikana ya UMCA, ambaye mwaka 1874 alifanywa kuwa askofu. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Paa ni la zege lililopindwa kama nusu ya pipa, limechanganywa na matumbawe, na wengi walidhani lingeanguka. Halijaanguka. Karibu na beseni la ubatizo zipo nguzo ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha juu chini askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha hivyo. Tulizitazama sana na kukubaliana kwamba kama mume angerudi akute mambo hayo nyumbani, asingenyamaza.

Steere huyu tuna deni naye, hata sisi tusio Waanglikana. Alikusanya hadithi za watu wa Unguja, akaandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, vyote vikachapwa mwaka 1870, na akatafsiri Agano Jipya katika lugha ya mji ule. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lugha ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mnalolisoma sasa hivi lilitoka katika vichochoro vile. Alikufa mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare.

Mbele ya altare, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Inasemekana hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Tulisimama hapo. Hatukusema kitu.

Upande mmoja upo msalaba mdogo wa mbao, uliotengenezwa kutokana na mti wa Chitambo, nchini Zambia, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Hii tuisimulie polepole, maana kuna mama ndani yake. Livingstone alikufa Mei 1873. Watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, waliutoa moyo na matumbo wakavizika, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika gome la mti, wakaubeba kwa miguu kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwaka ule ule mwili ukazikwa London. Majina ya wanaume yanajulikana. Lakini alikuwamo pia Halima, mpishi wa Livingstone kwa miaka mingi, ambaye aliufuata mwili ule njia nzima hadi Unguja. Mzungu aliyekuja kuchapisha shajara za Livingstone alimwandika mama huyu katika tanbihi fupi, akisikitika kwamba utumishi wake wote haukulipwa chochote. Fikirini basi: Krismasi ile jiwe la msingi linawekwa Mkunazini, Halima yuko njiani kati ya Tabora na pwani, pengine anatafuta kuni. Muuguzi kati yetu aliguswa na habari hii kuliko zote, kwa sababu anajua ni akina nani hubaki wodini wakati wageni wote wameondoka.

Nje, katika shimo lililojengewa, zimesimama sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hazina machozi, hazilii. Nyuso zimetulia, nasi tunazijua nyuso za namna ile. Mwaka 2023 binti wa miaka kama 16 aliletwa kwetu zahanati akiwa na homa kali. Alitolewa mkoa wa mbali, akaahidiwa kazi za ndani, akajikuta katika baa karibu na machimbo, simu yake imechukuliwa, nauli aliyoletewa imegeuzwa deni ambalo halipungui. Tulipomwuliza anataka kurudi kwao, alitutazama na uso ule ule wa zile sanamu. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tunayo tangu mwaka 2008. Binti yule alirudi kwao, kwa msaada wa polisi na ustawi wa jamii. Mwenzake aliyekuwa naye hatukumpata. Tulisimama kwenye lile shimo muda mrefu kuliko tulivyopanga, na mweka hazina ndiye aliyesema kwamba tutakaporudi na kundi tuwapangie mama zetu saa nzima hapa, bila haraka ya kwenda kununua karafuu.

Vile vyumba vya chini

Sasa tufike kwenye jambo tulilotumwa. Kando ya kanisa kuna jengo la Mtakatifu Monika, na chini yake mna vyumba viwili ambavyo wageni huonyeshwa kama mahali watumwa walipofungiwa kabla ya mnada. Kuna pia chumba cha maonyesho kuhusu historia ya utumwa katika Afrika Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 2016, nacho kina maelezo mazuri. Someni kwanza hayo ndipo mshuke. Ulizeni kiingilio cha raia na mpate mwongozaji. Ngazi za kushukia ni nyembamba. Dari ni fupi hata mtu mzima huinama. Mna vijidirisha vidogo, joto, na benchi za mawe pande mbili. Mwenye shinikizo la damu asishuke kwa haraka, na asikae humo muda mrefu.

Tulishuka, tukapanda. Tukapima kwa macho magoti ya Bibi. Tukaona kwamba akishikwa mbele na nyuma, anaweza.

Lakini jengo lile muuguzi alilitazama kwa jicho jingine, maana lilijengwa kuwa hospitali ya misheni, baada ya soko kufungwa. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba vyumba vile navyo ni vya wakati wa hospitali, vikiwa stoo ya dawa, mahali pa chini penye ubaridi. Wengine, na waongozaji wengi, wanashikilia habari ya watumwa. Sisi si wanahistoria. Ila tunajua stoo ya dawa inavyokuwa, na hatukuweza kuapa kwamba wanaokanusha wamekosea. Kwamba soko lilikuwa kiwanjani pale, na kwamba watu waliuzwa pale, hilo halina ubishi.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni, tulibishana. Mmoja alisema tusimwambie Bibi. Amengoja maisha yake yote. Kwa nini tumpe shaka? Ashuke, aguse ukuta, alie, aombe, arudi nyumbani amepumzika. Mwingine alisema kwamba mtu ambaye ukoo wake uliishi kwa kufichwa ukweli hastahili kufichwa tena, hata kwa upendo. Tulilala bila kukubaliana. Asubuhi tulipita Mbweni, nje kidogo ya mji, kuona magofu ya shule ya wasichana iliyoanzishwa na misheni ile ile kwa ajili ya mabinti waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kuta zimebaki bila paa, miti imeota ndani. Mabinti wale walifundishwa kusoma, kushona na kufundisha wengine. Tukiwa pale, yule aliyetaka tunyamaze alisema mwenyewe, "Tutamwambia."

Tulirudi Runzewe siku ya nane. Kwa wale wanaopanga: siku tatu za kwenda, mbili kamili za Unguja, na tatu za kurudi, zinatosha, ila hazina nafasi ya ugonjwa wala ya basi kuharibika, kundi letu la watu 22 tumelipangia siku kumi. Mwenye kuongeza siku aiongeze Bagamoyo, ambako ipo misheni ya Kikatoliki ya mwaka 1868, na ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja kabla ya kuvushwa. Watoto wanaonyonya tumekubaliana waje, wakubwa wabaki na baba zao, na kila mama aache orodha ya chakula ukutani kwa herufi kubwa.

Kwa Bibi tulikwenda jioni, wawili sisi, na mfuko wa tende za Darajani. Tulimweleza yote: boti, kanisa, lile duara, zile sanamu, ngazi. Kisha tukamweleza habari ya vyumba, kwamba huenda ni vya hospitali. Alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Na soko lilikuwapo?" akauliza.

Tukasema lilikuwapo, bila shaka yoyote.

"Na hilo kanisa limekaa juu yake?"

Limekaa juu yake.

"Basi hayo mashimo yenu shukeni ninyi wenye magoti. Mimi nitafutieni kiti kanisani, karibu na hilo duara, na mniache peke yangu kidogo." Akapepeta ungo. "Huyo Halima mliyemsema, alikuwa na watoto?"

Hatukujua. Akasema tuulize. Tangu wiki ile, kila alfajiri kabla malori hayajajaa, humwona Bibi akitembea na mkongojo wake kutoka nyumbani hadi njia panda ya Bwanga na kurudi, akiyazoeza magoti.